Baylor kutoka shimo la 2003 hadi ubingwa wa 2021: kazi ya katikati ilifanywaje?

Pasi_Ndefu:
Wakuu salaam. Kila habari ya kikapu cha wanaume cha Baylor, chuo kikuu cha Texas, Marekani, ninayosoma inaruka kutoka kashfa ya 2003 moja kwa moja hadi fainali ya 2021. Kashfa yenyewe naifahamu: mchezaji Patrick Dennehy aliuawa na mwenzake wa timu, uchunguzi ukaonyesha kocha Dave Bliss alikuwa analipia wachezaji ada kinyume cha kanuni, kisha akataka marehemu asingiziwe kuwa muuza dawa za kulevya ili zile pesa zipate maelezo. Ninachouliza ni kazi. Kocha mpya alikuta nini, wachezaji alitoa wapi, adhabu iliuma wapi hasa, na mbona miaka mingi hivyo?

Benchi_la_Nyuma:
Mkuu, anza na tarehe maana zinaeleza mengi. Bliss na mkurugenzi wa michezo walijiuzulu Agosti 8, 2003. Scott Drew aliajiriwa wiki mbili baadaye akiwa na miaka 32, akitokea chuo cha Valparaiso alikokuwa kocha mkuu kwa msimu mmoja tu, baada ya miaka mingi ya kumsaidia baba yake hapo hapo. Mwishoni mwa Agosti usajili umeshakwisha. Mchezaji yeyote wa maana ana chuo chake tayari.

Na waliokuwepo walishaondoka. Chuo kiliwaruhusu wachezaji kuhama, na wakaruhusiwa kucheza huko waendako bila kukaa nje mwaka mzima kama kanuni ya wakati ule ilivyotaka. Lawrence Roberts akaenda Mississippi State, John Lucas III Oklahoma State, Kenny Taylor Texas. Hao watatu ndio walikuwa timu. Drew akabaki na wachezaji wachache wenye udhamini wa masomo, akatangaza majaribio kwa wanafunzi wa kawaida pale chuoni ili apate wa kujilipia.

Watu hudhani wa kujilipia ni wa kujaza benchi. Hapana. Mazoezi ya tano kwa tano yanahitaji watu 10 wazima kila siku. Ukiwa na 7 na mmoja ameteguka kifundo cha mguu, huwezi kufundisha ulinzi, unaishia kupiga mashuti na kukimbia. Halafu wale wazuri wako wanacheza dakika 35 hadi 38 kila mechi, na kufikia Februari miguu imekwisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kocha anayeingia kwenye kifusi ni kuhesabu vichwa vya mazoezi. Mbinu zinafuata.

Matokeo: 2003-04 walishinda 8 wakafungwa 21. Msimu uliofuata 9 kwa 19, na ndani ya Big 12, ligi yao ya vyuo, walishinda mechi moja kati ya 16. Moja!

Mwamuzi_Mstaafu:
Nyongeza upande wa adhabu, maana hapo ndipo wengi hukosea. Zilikuja kwa awamu mbili. Chuo kilijiadhibu chenyewe kwanza: kilijinyima michezo ya baada ya msimu 2004 na kupunguza nafasi za udhamini. Kisha Juni 2005 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikaongeza zake: uangalizi wa miaka mitano hadi 2010, ziara za usajili kupunguzwa, na ile kali kuliko zote, marufuku ya kucheza mechi yoyote nje ya Big 12 msimu wa 2005-06.

Hiyo ya mwisho ni nusu ya kufungiwa kabisa. Wenzao walianza kucheza Novemba, Baylor wakaanza Januari 2006 moja kwa moja dhidi ya wapinzani wa ligi. Mechi za Novemba na Desemba ndizo kocha anazotumia kujua nani anacheza na nani, ndizo mgeni wa mwaka wa kwanza anakosea bila gharama kubwa, na ndizo zinazoleta kiingilio nyumbani. Wao miezi hiyo walicheza wenyewe kwa wenyewe. Wakamaliza 4 kwa 13.

Kwa nini hawakufungiwa kabisa? Kwa sababu chuo kilichunguza haraka, kikawaondoa wahusika na kujipunguzia haki kabla hakijalazimishwa. Linganisha na SMU, chuo kingine cha Texas, kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani. Wao walikuwa wanarudia kosa, wakafungiwa msimu wote wa 1987, wakashindwa kucheza 1988, na waliporudi 1989 walipigwa 95-21 na Houston. Mechi ya heshima ya mwisho wa msimu hawakuiona tena hadi 2009. Huo ndio utofauti wa kuripoti mapema na kusubiri ukamatwe.

Bliss mwenyewe alipewa amri ya miaka 10: chuo chochote cha NCAA kikitaka kumwajiri lazima kijieleze mbele ya kamati. Jambo linaloniudhi mimi ni kwamba kocha msaidizi Abar Rouse, aliyemrekodi Bliss akipanga uongo ule, ndiye aliyehangaika kupata tena kazi ya ukocha. Chuo kinachojijenga upya kama hakimlindi aliyefichua, kinawafundisha wasaidizi wote wanaokuja kufunga midomo.

Pasi_Ndefu:
Asanteni sana. Sasa wachezaji. Nani anakubali kwenda timu iliyoshinda mechi moja ya ligi?

Benchi_la_Nyuma:
Anayetaka dakika. Hicho ndicho kitu pekee timu iliyoanguka inacho kuliko kigogo wa ligi kama Kansas. Mwambie kijana wa miaka 18: huko utakaa benchi miaka miwili, hapa unaanza Novemba. Aaron Bruce alitoka Australia 2004 akawa mfungaji wao mkuu papo hapo. Mwaka 2005 wakaja Curtis Jerrells, Kevin Rogers na Henry Dugat, wote vijana wa Texas. 2006 Tweety Carter, 2007 LaceDarius Dunn.

Angalia mpangilio: kundi la 2005 liliingia pamoja, likafungwa pamoja, na lilipofika mwaka wa tatu ndipo timu ikashinda 21 na kurudi kwenye mashindano ya taifa, Machi 2008, mara ya kwanza tangu 1988. Kosa la kawaida ni kujaza mashimo na wahamiaji wa mwaka mmoja mmoja. Unapata ushindi 14, halafu wote wanaondoka unaanza upya. Uongozi nao ulimvumilia. Misimu minne mfululizo chini ya nusu, na hakufukuzwa. Vyuo vingi vingemtimua wa tatu.

Kiufundi alitumia sana ulinzi wa eneo, yaani kila mchezaji analinda sehemu yake ya uwanja. Benchi fupi halitaki faulo, na ulinzi wa eneo unapunguza faulo na kukimbizana. Kukaba mtu kwa mtu kwa nguvu, ule wa kumnyima mpinzani katikati ya uwanja, kulikuja karibu 2019-20, alipokuwa na watu wa kubadilisha.

Kona_ya_Tatu:
Msiipake rangi sana. Mwaka 2012 Baylor waliadhibiwa tena: simu na ujumbe wa maandishi zaidi ya elfu moja kwa wachezaji wanaosajiliwa, nje ya kanuni, timu ya wanaume na ya wanawake. Drew akasimamishwa mechi mbili za Big 12. Timu inayojijenga inategemea usajili kupita kiasi, na wasaidizi wanapiga simu bila kuhesabu. Dawa yake ni ya kiofisi: simu za kazi tu, kumbukumbu za kampuni ya simu zikaguliwe kila mwezi na mtu ambaye haripoti kwa kocha. Tangu Januari 2023 kocha mkuu anawajibika moja kwa moja kwa makosa ya wasaidizi wake, "sikujua" haisaidii tena.

Na timu ya ubingwa ilijengwa kwa njia nyingine kabisa na ile ya 2008. Davion Mitchell alitoka Auburn, MaCio Teague UNC Asheville, wote wakakaa nje 2018-19 wakifanya mazoezi bila kucheza. Jared Butler alikuwa aende Alabama. Katikati Flo Thamba, Mkongo wa Kinshasa. Aprili 5, 2021 wakaichapa Gonzaga 86-70, timu iliyofika fainali ikiwa imeshinda 31 bila kufungwa.

Pasi_Ndefu:
Kocha anayeingia leo kwenye chuo chenye kashfa anaweza kuiga?

Mwamuzi_Mstaafu:
Nusu. Mwaka wa kukaa nje haupo tena, kwa hiyo huwezi kuwaweka akina Mitchell kando na kuwapika, na kundi kama la 2005 litavunjwa na wenye pesa nyingi kabla ya mwaka wa tatu. Ila hesabu ya masomo ya NCAA (APR) inabaki na inaua kimya kimya. Kila mchezaji mwenye udhamini ana pointi mbili kwa muhula: moja ya kubaki chuoni, moja ya kufaulu vya kutosha kuruhusiwa kucheza. Wachezaji 13, mihula miwili, ni pointi 52. Poteza 4 tu, unabaki na 48, sawa na 923 kwa elfu, na mstari ni 930, chini yake timu inaadhibiwa. Wanaangalia wastani wa miaka minne, kwa hiyo waliokimbia na kuacha mitihani wakati wa kashfa wanaendelea kukugharimu muda mrefu baada ya kuondoka. Wiki ya kwanza kabla hujamsajili yeyote, kaa na ofisi ya masomo, pitia jina kwa jina. Anayetaka kuhama, hakikisha kwanza amemaliza muhula na alama za kutosha. Akiondoka akiwa amefaulu, unapunguza hasara.