Nguchiro miraba na vitafe: nani anazaa, nani analea, na nirekodi vipi bila kukisia?

MwongozaNyika

Wakuu, habari za kazi. Naongoza wageni Tarangire. Jirani na kambi kuna makundi mawili. La kwanza ni nguchiro miraba, kama ishirini hivi. La pili ni vitafe, wale nguchiro wadogo wanaolala kichuguuni, saba hadi tisa. Wageni huuliza maswali ambayo sitaki kuyajibu kwa kubahatisha:

Kwa miraba naona majike wanne wana mimba kwa wakati mmoja, lakini kwa vitafe ni jike mmoja tu. Kwa nini?

Kundi la miraba likitoka asubuhi, madume wawili au watatu hubaki shimoni na watoto. Hao ndio baba zao?

Watoto wakishaanza kutoka, kila mmoja anamng'ang'ania mkubwa mmoja siku nzima. Ni mama yake?

Halafu nataka kuanza daftari ambalo hata mtafiti akilishika litamfaa. Nianzie wapi?

---

Kichuguu_Chekundu

Ndugu, nianze na swali la pili na la tatu kwa sababu ndipo waongozaji wengi hukosea: dume anayebaki shimoni si lazima awe baba, na mkubwa anayefuatwa na mtoto si lazima awe mama. Kwa miraba, wataalamu walipima undugu kwa vinasaba wakakuta mtoto na mlezi wake hawana ukaribu wa damu zaidi kuliko mnyama mwingine yeyote kundini.

Sasa tofauti ya aina hizi mbili.

Kwa vitafe kuna jozi moja kuu, na jike mkuu kwa kawaida ndiye mwenye umri mkubwa kuliko majike wote. Makundi ya Serengeti yalifuatiliwa kuanzia miaka ya 1970. Majike wa chini huwa na kiwango kidogo cha homoni za uzazi, hupandwa mara chache, na wakishika mimba mara nyingi watoto hawafiki popote. Lakini usiwaambie wageni kwamba hawazai kabisa. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 1994 vilionyesha kwamba karibu 15% ya watoto walikuwa wa majike wa chini, na karibu 24% baba zao walikuwa madume wa chini. Jambo jingine linaloweza kukupotosha: jike wa chini anaweza kutoa maziwa hata bila kushika mimba, akanyonyesha watoto wa mkuu wake. Kwa hiyo chuchu zilizovimba kwa jike wa pili si ushahidi kwamba amezaa.

Miraba wana utaratibu tofauti kabisa. Utafiti mrefu kuliko wote ulianza mwaka 1995 kwenye rasi ya Mweya, Hifadhi ya Malkia Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Kule majike wengi wazima wa kundi moja hushika mimba pamoja, na katika zaidi ya nusu ya mizunguko huzaa usiku mmoja, ndani ya shimo moja. Sababu ni ya kikatili. Anayetangulia kuzaa yumo hatarini, kwani majike ambao bado wana mimba huua watoto wanaowakuta shimoni. Anayechelewa naye huzaa watoto ambao watazidiwa nguvu na waliowatangulia kwa siku chache. Njia salama iliyobaki ni wote kuzaa pamoja.

Na wakishazaa pamoja, hakuna anayemjua wa kwake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilithibitisha hili vizuri sana. Nusu ya majike wenye mimba katika kila kundi walipewa chakula cha ziada, nusu hawakupewa. Walioshiba walizaa watoto wazito. Baada ya hapo, majike hao hao walioshiba wakaelekeza nguvu zao kwa watoto wadogo wa wenzao, na tofauti ya uzito ikapungua kadiri watoto walivyokua. Mama anayemtambua mwanawe asingefanya hivyo.

Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo tofauti yote ilipo. Jike mkuu wa miraba akishakosa kutofautisha watoto wake na wa wengine, nafasi yake ya kuwadhibiti majike wadogo huishia siku ya kuzaa. Kabla ya siku hiyo anaweza kuwafukuza. Idadi ya majike ikizidi utaona wadogo wanakimbizwa na kung'atwa kwa siku kadhaa, wakati mwingine wakiwa na mimba kubwa. Baadhi huharibu mimba kisha huruhusiwa kurudi. Wengine hawarudi tena.

---

Daftari_la_Pori

Kichuguu amemaliza upande wa nadharia. Mimi nashika daftari.

Andika tarehe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu miraba huenda kwa kalenda. Siku ya kuzaa iite siku 0. Utaitambua kwa dalili tatu zikija pamoja: matumbo ya majike kadhaa yamepungua kwa mara moja, walinzi wameanza kubaki shimoni, na kundi limeacha kuhama shimo kila baada ya siku mbili tatu. Karibu siku ya 10 majike huingia kwenye joto tena, yaani huwa tayari kupandwa. Hapo kila dume mkubwa humfuata jike mmoja kwa karibu sana na kumfukuza yeyote anayesogea. Siku ya 25 hadi 30 watoto hutoka na kuanza kwenda na kundi. Mimba ni siku 60 hivi, kwa hiyo karibu siku ya 70 uzazi mwingine unaweza kufika wakati watoto wa kwanza bado wana walezi. Huko Mweya kundi linaweza kuzaa mara nne kwa mwaka. Tarangire ina kiangazi kirefu cha Juni hadi Oktoba, usiilazimishe kalenda ya Uganda, andika unachokiona.

Kalenda hiyo inakujibu pia kuhusu walinzi. Madume ndio hubaki zaidi kwa sababu jike anayenyonyesha lazima ale. Lakini dume anayemlinda jike kwenye joto hawezi kukaa shimoni, kwa hiyo karibu siku ya 10 angalia kama kazi inahamia kwa madume vijana. Asiyejua tarehe ya kuzaa ataona walinzi wamebadilika tu, bila kujua sababu.

Namna ya kuhesabu: fika kabla ya jua kuchomoza, kaa ndani ya gari au kwenye eneo la kambi, mita 30 hadi 50, na darubini. Usiwasogelee ukaziba njia ya shimo; wakisumbuliwa huwabeba watoto kwa meno na kuwahamisha, na kila kuhama ni nafasi kwa tai na fisi. Kundi likitoka usilihesabu likiwa limesongamana. Subiri livuke barabara au uwanda, hesabu mara mbili, na hesabu zikitofautiana rudia ya tatu. Mlinzi ni yule ambaye bado yuko shimoni dakika 10 baada ya kundi kupotea machoni. Usimwandike mapema, wapo wanaochelewa kutoka tu.

Safu za daftari: tarehe, shimo (GPS), saa ya kutoka, wazima, vijana, watoto, walinzi ni nani, saa ya kurudi, ugomvi. Siku ambayo hakubaki mlinzi andika 0. Ukiacha wazi, mtu wa baadaye hatajua kama hakukuwa na mlinzi au hukuangalia.

Kumtambua mmoja mmoja: piga picha pande zote mbili za kichwa na mkia. Tafuta masikio yaliyochanika, ncha ya mkia iliyokatika, makovu usoni. Miraba ya mgongoni haikusaidii, inabadilika kila manyoya yanaposimama. Watafiti wa Mweya huwatega kwa mitego ya vizimba vya waya, huwapa usingizi, kisha huwanyoa alama au kuwapaka rangi kwenye manyoya. Hiyo si kazi ya mwongozaji. Tanzania inahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori).

Walezi: chagua mtoto mmoja, mfuate dakika 20. Kila dakika andika mkubwa aliye ndani ya nusu mita, na kila chakula alichopewa na nani. Mkubwa mmoja akitokea zaidi ya nusu ya dakika hizo, siku tatu tofauti, hapo una jozi. Utaona mtoto ndiye anayemshikilia mlezi, akiwafukuza watoto wenzake wanaosogea. Usiwasahau wale wasio na mlezi. Mara nyingi wanakuwa wembamba, na hao ndio wengi huacha kuwaandika.

---

MwongozaNyika

Asanteni sana, nimeshachora safu. Mawili yamebaki. Wiki hii miraba wetu walipigana na kundi jingine, na majike walikuwa mbele. Ni kawaida? Pili, jikoni hutupa mabaki nyuma ya kambi na nguchiro huja. Inaharibu kumbukumbu?

---

Kichuguu_Chekundu

Kawaida kabisa. Mweya wameona majike walio kwenye joto wakiliongoza kundi hadi kwa majirani, kisha wakapandwa na madume wa upande wa pili katikati ya vurugu. Faida kwao ni damu mpya, kwani kundini mwao wamejaa ndugu. Wanaokufa zaidi kwenye mapigano hayo ni madume. Kwa hiyo andika na siku ya kalenda ya pigano lenyewe. Ukiikuta karibu na siku ya 10, umepata kitu.

---

Daktari_wa_Mbugani

Kuhusu mabaki: yanaharibu kumbukumbu, na yanawadhuru wanyama.

Jike aliyeshiba mabaki hubadilisha uzito wake, watoto wake na mwendo wa kundi zima, kwa hiyo huwezi tena kulilinganisha na kundi la porini. Na mtoto hujifunza kula kutoka kwa mlezi wake. Mweya waliwapa walezi mayai ya plastiki yenye chakula ndani. Wengine waliyapasua kwa meno, wengine kwa kuyabamiza kwenye kitu kigumu, na watoto waliokua nao wakaja kufuata njia ile ile ya mlezi. Mlezi anayeshinda jalalani hawezi kumfundisha mtoto kufukua jongoo na mende.

Kuna ugonjwa pia. Huko Chobe, Botswana, kifua kikuu cha nguchiro, ambacho bakteria wake walipewa jina Mycobacterium mungi mwaka 2010, kinaua miraba wanaoishi karibu na watu. Kinasambaa kwa mkojo na majimaji ya tezi wanazotumia kuweka alama, kikiingia kupitia vidonda vya pua na ngozi. Angalia pua iliyovimba, kukonda, na mnyama anayebaki nyuma ya kundi. Mpigie ofisa wa hifadhi, usimshike mnyama. Nguchiro aliye peke yake mchana, asiyeogopa watu, mchukulie kuwa na kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo.

Pipa liwe la chuma, kifuniko cha kufunga kwa komeo, liinuliwe nusu mita kutoka chini maana hawa ni wachimbaji. Tarehe mtakayoanza kulifunga iandikwe kwa wino mwekundu daftarini, na hesabu za kabla na baada ya siku hiyo zisichanganywe.