Tupeane uzoefu: ufunguzi wa sataranji (chess), yaani hatua za mwanzo, uliokuumbua kwenye mashindano ya watoto

KitundaPekee: Nimemkuta mdogo wangu anakariri ufunguzi wa Sicilian, macho kafumba kama anasali. Nikakumbuka ya kwangu. Leteni zenu.

FarasiKipofu: Chini ya miaka 14, raundi ya mwisho, hata sare ilikuwa inanipa medali. Nacheza nyeusi. e4, e5 (hayo ni majina ya miraba ya ubao), farasi, farasi, askofu c4, nami farasi f6. Dogo akarusha farasi wake g5. Moyoni nikacheka: hii naijua! Nikasukuma d5, akala. Hapo dawa ni farasi wa c6 kwenda a5 kumsumbua askofu, nimelala nayo wiki nzima. Mkono ukaenda ukamshika farasi wa f6. Ukigusa kete lazima uicheze. Nikamtazama mwamuzi, naye akanitazama. Basi, nikala d5. Farasi wake akaingia f7, mfalme wangu akamla, malkia akaja f3 na cheki (kumtishia mfalme), na kumlinda farasi wa d5 ikabidi mfalme atoke hadi e6. Mfalme uwanjani peke yake! Vidole vinatetemeka, saa naikosa kuibonyeza. Nikatoka, mama yuko mlangoni kashika koti langu. "Kumbe mmemaliza mapema!"

Ngome2: Nimecheka, halafu nikaumia.

MchambuziWaUsiku: Mfalme e6 hujafa bado. Akileta farasi c3, wewe farasi b4, kompyuta inakubali unajitetea.

FarasiKipofu: Kompyuta haina miaka 12 wala mama mlangoni.

MchambuziWaUsiku: Nasema ukweli wa ubao tu, usinune.

MwalimuMstaafu: Tatizo ni hayo makariri. Mtoto aanze na miisho ya mchezo, ufunguzi utakuja wenyewe.

Ngome2: Mwalimu, wangu alianza na miisho. Hakuwahi kufika huko. Askofu c4, malkia h5, hatua ya nne mati (mfalme hana pa kukimbilia) f7.

AskofuMwembamba: Hahaha! Mkimfundisha Najdorf, tawi la Sicilian, mwambieni asile kitunda (kete ndogo) cha b2. Bobby Fischer mwenyewe alikila mwaka 1972, mchezo wa 11 na Spassky wakigombea ubingwa wa dunia, malkia wake akanaswa.

MchambuziWaUsiku: Kinalika, ila ujue njia ya kutokea.

KitundaPekee: Jamani, dogo anacheza kesho. Nimwambie nini?

MwalimuMstaafu: Akalie mikono yake mpaka awe na uhakika.

FarasiKipofu: Mimi nilikalia. Ikachomoka.