Waliinua pikapu yangu, wakaniharibia breki, na kila nikiuliza naambiwa "ni kawaida"

Wadau, uzi huu ni mrefu na nina hasira. Kama una pikapu iliyoinuliwa na huna muda wa kusoma yote, ruka mpaka kwenye sehemu ya breki, usome hiyo peke yake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nashuka barabara ya Magadi, nimeshapita Kona Baridi, naelekea Olepolos. Nyuma nilikuwa na mifuko 15 ya simiti, yaani kilo 750, na mbele nimekaa na mjomba wangu. Mbuzi wakaanza kuvuka. Nilikanyaga breki nikiwa mbali nao, na kwa mwendo nilioutumia kwenye mteremko ule miaka 6 bila tatizo. Pua ikainama, usukani ukavuta kulia, na huku nyuma nikahisi ile simiti inatusukuma kana kwamba magurudumu ya nyuma hayana breki kabisa. Tulisimama, lakini mbuzi wa mwisho alipita hatua chache mbele ya bampa. Alikuwepo mtoto anawafuata na fimbo. Mjomba hakusema neno mpaka tukafika, na tulipomaliza kushusha mzigo akakataa kurudi nami. Akapanda matatu.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya 2012, dabo kabini, dizeli ya 2.5. Sikuiinua ili ionekane mjini. Kazi yangu ni kupeleka simiti, mabati na matangi ya maji kwa watu wanaojenga Isinya, Kitengela ya ndani na huko chini Magadi. Mtu aliyekwama kwenye udongo mweusi wa Kajiado masika yakishaanza hahitaji kuelezwa. Udongo unaganda kwenye tairi, unajaza madigadi, gari linakalia tumbo na magurudumu yanazunguka bure. Msimu uliopita nilivutwa na trekta mara 3, na kila mara ni shilingi 5,000 mkononi kabla kamba haijafungwa. Nikaamua kuinua inchi 2 tu na kuweka tairi kubwa kidogo. Uamuzi huo nautetea hata leo. Kazi ilihitaji.

Nikaenda gereji moja Industrial Area, Nairobi. Jina silitaji kwa sababu naipeleka mahali ambapo jina litatajwa rasmi. Nilimweleza msimamizi waziwazi: inchi 2, hili ni gari la mzigo, nabeba hadi kilo 800. Akasema wana seti kamili, springi mpya na shoki mpya mbele na nyuma, kwa 85,000. Tairi 4 za 265/75R16, 26,000 kila moja. Rimu za mtumba 40,000. Ufundi 20,000. Hiyo ni 249,000, pesa niliyoweka akiba mwaka mzima. Nililipa kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu, na nilipoomba risiti ya eTIMS, ile rasmi ya kodi, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

Kazi ya siku 2 ikachukua siku 6. Nilipokwenda kulichukua, gari lilikuwa juu kuliko nilivyoomba, mbele hasa. Nikauliza. "Boss, ni kawaida, springi mpya zitashuka zikizoea mzigo." Mbona usukani haurudi wenyewe nikimaliza kona? Ni kawaida, ni hizo tairi kubwa. Mbona linatetemeka nikiondoka? Ni kawaida, propela bado inajipanga. Wiki ya kwanza tairi la mbele likaanza kukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi nikikata kona yote. Kawaida. Wiki ya tatu nikaanza kusikia tak-tak-tak kwenye kila raundabauti. Kawaida pia, lete siku ukiwa na nafasi. Nimepeleka mara 2, na mara zote 2 nimekaa kwenye benchi kutoka asubuhi hadi saa kumi, kisha narudishiwa funguo na neno lile lile.

Baada ya Olepolos sikurudi kwao moja kwa moja. Nilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee Kirinyaga Road, kule wazee wetu bado wanaita Grogan. Hakuniuliza maswali mengi. Alipiga jeki, akaweka stendi, akaingia chini na tochi, akakaa huko muda mrefu kimya. Halafu akaniita: "Kijana, lala hapa uone mwenyewe."

Mbele hakuna springi mpya. Ni zile zile za zamani na kutu yake, shoki zile zile, ila juu ya kila shoki kimewekwa kipande cha chuma cha milimita 50. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini pua iko juu. Kwenye Hilux hii shoki ya mbele haikushikwa pale gurudumu lilipo. Imeshikwa katikati ya mkono wa chini, ule unaobeba gurudumu, kwa hiyo unachoongeza juu ya shoki kinakuwa karibu mara mbili kikifika kwenye gurudumu. Anayetaka inchi 2 anaweka kipande cha kama milimita 25. Hawa waliweka 50 wakidhani 50 ni 50, na mbele ikapanda karibu inchi 4. Mtu anayelipwa kuinua magari hajui jambo hilo la kwanza kabisa la kazi yake! Kwa urefu huo shafti za mbele zimekaa kwa pembe kali, raba ya saivi ya kulia, ile inayofunika kiungo cha shafti, imeshapasuka, na grisi imerushwa ndani ya rimu yote. Tak-tak yangu ndiyo hiyo. Gari likiwa limening'inia, mkono wa juu unagusa springi, na paipu ya mpira ya breki imevutika imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nilipeleka alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu, siku iliyofuata. Mwenye mashine alijaribu, akanichapia karatasi, akaniambia boliti za kurekebishia zimefika mwisho na bado vipimo haviingii ndani. Tairi la kushoto tayari limelika upande mmoja.

Nyuma ni zile springi za vipande vilivyopangana. Kati ya springi na ekseli wameweka tofali la chuma la inchi 2 walilochomelea wenyewe kwa bomba la mraba. Yubolti za zamani, zile boliti zenye umbo la U, zikawa fupi, basi wakazikata na kuziungia kwa weldingi. Wadau, yubolti ndiyo inayoshikilia ekseli ya nyuma isiachane na gari. Chuma cha namna ile ukikichoma moto kinapoteza ugumu wake pale pale kwenye kiungo. Zinanunuliwa ndefu, mpya, zinakazwa kwa kipimo, na baada ya kilomita 500 hivi zinakaguliwa na kukazwa tena. Yule mzee aligusa kile kiungo kwa kidole, akatikisa kichwa.

Sasa breki.

Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chesisi, Hilux yangu ina vali ndogo yenye kijiti cha chuma kinachoteremka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, gari linashuka, chesisi inakaribia ekseli, kijiti kinasukuma vali, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu linapanda, na vali inapunguza nguvu ya nyuma ili magurudumu yasifunge yakateleza. Gari linajua limebeba nini kwa kupima ule umbali peke yake. Ukiweka tofali la inchi 2 na usiguse kijiti, umbali umeongezeka daima. Vali inaamini gari ni tupu. Nikiwa na kilo 750 nyuma, vali inaniletea breki za gari tupu. Mbele inafanya kazi yote, ndiyo maana pua inazama, na nyuma inasukuma.

Dawa yake? Kuurefusha kwenda juu mshikio wa kile kijiti pale kwenye ekseli, au kuishusha vali, kwa kiasi kile kile ulichoinua. Yule mzee alinikatia kipande cha chuma bapa, akatoboa matundu 2, akafunga. Dakika 40. Aliniomba 1,500. Nikaweka simiti ile ile, nikajaribu kwenye barabara tupu, na nyuma ikashika. Dakika 40 na kipande cha chuma, na gereji iliyochukua 249,000 haikufanya hivyo, wala haikunitajia kwamba kitu hicho kipo.

Jumatatu nilienda kwao na picha zote kwenye simu. Mwenye gereji alizitazama bila kushtuka. Kuhusu vali akasema, "Hiyo wengi huwa tunaing'oa tu." Ukiing'oa, gari likiwa tupu na barabara ina mvua, magurudumu ya nyuma yanafunga kabla ya mbele na gari linageuka. Hilo ndilo jibu la mtaalamu! Kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo linanikosesha usingizi. "Kwani uligonga mtu?"

Nilishindwa kumjibu. Nilimfikiria tu yule mtoto na fimbo yake.

Kuna mengine. Tairi 3 zina alama 1423 ubavuni, yaani zilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023. La nne ni 3817. Limekaa miaka ghalani au juani, mimi nimeuziwa kama mpya na kwa bei ya jipya. Angalieni zile tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT kabla tairi halijafungwa, na msione aibu kumfanya muuzaji asubiri.

Spidomita nayo hakuna aliyenitajia. Tairi langu la awali lilikuwa 255/70R15, kama milimita 738 kutoka juu hadi chini. Hili la sasa ni kama 804. Ni karibu asilimia 9 zaidi, kwa hiyo kila mzunguko gari linaenda mbali kuliko saa inavyojua. Nimepima kwa simu: nikisoma 80, naenda 85. Mafuta pia yamepanda. Hata baada ya kuongeza zile asilimia 9 kwenye kilomita nilizosoma, nimetoka kilomita 11 kwa lita hadi 8 na kidogo. Hayo ningeyakubali, maana tairi kubwa na nzito lina gharama yake, lakini ningeambiwa kabla ya kulipa. Taa za mbele nazo zinamulika miti, hazikushushwa, na usiku Mombasa Road kila anayekuja ananiwashia taa kwa hasira, na ana haki. Tairi la supea halilingani tena na mengine wala haya mapya hayaingii pale chini.

Rimu zangu 4 za zamani na tairi zake? "Zilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu." Nani aliwapa ruhusa?

Nimempigia wakala wangu wa bima. Ameniuliza kama niliijulisha kampuni kabla ya kubadilisha gari. Sikuwajulisha, hilo ni kosa langu na nimeshaandika barua. Mwezi ujao pia pikapu inatakiwa ukaguzi wa mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na sina nia ya kuipeleka kituo chao cha Likoni Road kabla haijarekebishwa.

Ninachodai ni hiki. Warudishe 85,000 za seti ambayo haipo na 20,000 za ufundi. Wabadilishe lile tairi la 2017. Walipe shafti ya kulia na tairi lililolika. Warudishe rimu zangu au thamani yake. Kazi ya kurekebisha hawataigusa, ataifanya yule mzee wa Kirinyaga Road, springi halisi za mzigo na mbele inchi 2 kamili.

Wakikataa naenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nina ujumbe wa M-Pesa, ile karatasi ya kalamu, chapisho la alaimenti, picha 34, na yubolti zenyewe ziko kwenye gunia nyumbani. Kama kuna ndugu aliyewahi kupeleka gereji pale, naomba anieleze hapa chini: fundi wa pili alikubali kuja kutoa ushahidi, au maandishi yake yalitosha? Hilo ndilo linanisumbua, kwa sababu mzee hataki mambo ya korti na sipendi kumlazimisha.

Na wewe uliyeinua pikapu yako, uwe ulifanyia Ngara, Ngong Road au kwa jirani, leo jioni lala chini ya ekseli ya nyuma na tochi. Tafuta kile kijiti. Kama gari lako linacho na limepandishwa, lakini mshikio wake uko vile ulivyotoka kiwandani, usipakie mzigo mpaka urekebishwe.

Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye lango lao na barua ya madai, nakala 2, moja waisaini. Mjomba amekubali kuja kama shahidi. Nitaandika hapa walichosema.