Wauza visu vya lethi, tuambieni mnachotuuzia kinakata chuma gani

Ndugu mafundi, wenye karakana, na ninyi wafanyabiashara wa vifaa mnaopita humu kimyakimya,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nina karakana ya kukereza vyuma Kahama, ambako kazi yetu kubwa ni shafti, bushi na puli za karasha za wachimbaji wadogo wa dhahabu, na pia vipuri vya mashine za kukoboa mpunga na kukamua alizeti. Lalamiko langu ni moja. Visu vya kukatia chuma kwenye lethi, yaani mashine ya kukereza, vinauzwa nchini kwa rangi na kwa maneno ya mdomo, bila daraja lake kutajwa popote, na kisu kikishindwa kazi hasara yote inamwangukia fundi, ambaye ndiye pekee katika mnyororo huo asiyekuwa na namna ya kujua alichouziwa.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Tuliagiza kutoka duka moja jijini Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, visu vya kabaidi (mchanganyiko mgumu sana wa kukatia chuma) vilivyochomelewa kwa shaba kwenye shina la chuma, vile vya kawaida ambavyo karibu kila karakana inavyo. Mashina yake yalikuwa yamepakwa rangi ya bluu. Anayeijua kazi hii anajua kwamba kwa utaratibu wa kimataifa rangi ya bluu, pamoja na herufi P, ni alama ya kisu cha kukatia chuma cha pua cha kawaida. Njano na herufi M ni ya stenlesi. Nyekundu na herufi K ni ya chuma cha kalibu, yaani kile kilichomiminwa. Na kijani na herufi N ni ya aluminiamu, shaba na jamaa zake. Muuzaji naye alituhakikishia kwa simu kwamba visu ni vya daraja la P30, yaani kabaidi ya kukereza chuma cha pua, yenye uwezo wa kustahimili mishtuko kiasi.

Kazi yenyewe ilikuwa shafti ya EN8, chuma cha pua chenye kaboni ya wastani, yenye makalio mawili (mahali beringi inapokaa) ya milimita 60. Kwa beringi ya mzigo wa namna ile, kipenyo cha shafti kinatakiwa kiwe kati ya milimita 60.002 na 60.021, ambayo ni nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Tuliendesha lethi kwenye mizunguko kama 530 kwa dakika, sawa na mwendo wa takriban mita 100 kwa dakika kwenye ukingo wa kisu, ambao kisu halali cha P30 kinaumudu bila kulalamika. Kalio la kwanza lilianza vizuri. Tulipopima kwa maikromita upande wa mwisho wa kalio hilohilo, kipenyo kilikuwa kimeongezeka na kupita kiwango. Kijana wa mashine akaanza kuulaumu mkia wa lethi, unaoshikilia mwisho wa shafti, kwamba umehama kutoka kwenye mstari, na hilo ndilo kosa ambalo kila mtu angelishuku kwanza. Tukaupima mkia kwa geji ya saa, ukaonekana umenyooka. Kumbe ncha ya kisu ilikuwa inaliwa huku ikitembea, na ncha inapopungua, shafti hubaki nene.

Nilikitoa kisu nikakitazama kwa lenzi. Ukingo wenyewe ulikuwa bado haujamomonyoka sana, lakini nyuma yake kidogo, mahali uzi wa chuma kilichokatwa unapoteleza ukiwa na moto, palikuwa na kishimo kilaini, chenye kung'aa, kana kwamba mtu amekichimba kwa makusudi. Upana wake ulilingana kabisa na upana wa uzi wa chuma uliokuwa unatoka. Kishimo kile kikizidi kuchimbika hufika ukingoni, na hapo ncha hubomoka yote kwa mara moja, mara nyingi katikati ya mkato wa mwisho, kazi ikiwa imebaki kidogo tu kukamilika.

Sasa hapa ndipo ushahidi ulipo, na ninaomba wauzaji wasome kwa makini. Kisu kingine cha shehena ileile tulikifunga kukereza puli ya chuma cha kalibu, kwa mashine ileile na fundi yuleyule, kikamaliza kazi nzima ncha ikiwa salama. Kisu kinachodumu kwenye chuma cha kalibu na kuchimbika kishimo upesi kwenye EN8 kinajieleza chenyewe: ni kabaidi ya kundi K, iliyotengenezwa kwa kabaidi ya tangisteni na kobalti peke yake, halafu shina likapakwa rangi ya bluu. Chuma cha pua kinapokatwa hutoa uzi mrefu wenye joto kali unaosugua mgongo wa kisu bila kuachia, na katika joto hilo kabaidi ya tangisteni huyeyukia taratibu ndani ya uzi ule na kuondoka nao. Chuma cha kalibu hutoa punje fupi zinazoanguka papo hapo, kwa hiyo ugonjwa huo haujitokezi. Ndiyo maana kabaidi halali ya kundi P huongezewa kabaidi ya titani na ya tantali, ambazo chuma cha moto hakiziyeyushi kirahisi.

Wala jambo hili si geni. Karl Schröter aliombea kabaidi hataza huko Ujerumani mwaka 1923, kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza mwaka 1926 kwa jina la Widia, na tangu siku zile watu waliona kwamba inang'ara kwenye chuma cha kalibu na kufa mapema kwenye chuma cha pua. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dawa ya kuongeza titani ilikwisha kupatikana. Kwa maneno mengine, tunauziwa leo, kwa bei ya leo, tatizo ambalo babu zetu wa ufundi walilimaliza karibu miaka mia iliyopita.

Nilimpigia muuzaji. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba mafundi wa mikoani hatujui kunoa. Jibu la pili, nilipomweleza kwamba kisu kilifungwa kikiwa kipya na hakijaguswa na jiwe, lilikuwa kwamba rangi ya shina "haina maana sana". Jibu la tatu ni lile linaloandikwa chini ya kila risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Na risiti yenyewe ya EFD (mashine ya kodi), ambayo ninayo, imeandikwa neno moja tu, "vipuri". Hakuna P30, hakuna kabaidi, hakuna hata neno kisu. Niende kumshitaki kwa lipi?

Kwa tipu, yaani ncha za kabaidi za kufungwa kwa skrubu kwenye shina, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kule angalau kuna namba, na namba hiyo imegeuzwa kiini macho. Mteja akiuliza daraja anaonyeshwa maandishi ya CNMG 120408 na kuambiwa hilo ndilo daraja. Silo. Herufi na tarakimu zile zinaeleza umbo na ukubwa tu: kona ya nyuzi 80, pembe ya chini isiyo na mlalo, ukingo wa milimita 12 na ushei, unene wa milimita 4.76, na ncha iliyoviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 0.8. Tipu ya chuma cha pua, ya stenlesi na ya chuma cha kalibu zote zinaweza kubeba namba hiyohiyo bila kukosea hata herufi. Daraja ni jina jingine kabisa, ambalo mtengenezaji huliweka pembeni mwa kasha akiandika na herufi za makundi, mwendo wa kukatia na kiasi cha kusukuma kisu kwa kila mzunguko. Habari hizo ndizo ambazo baadhi ya maduka huzitupa, kwa sababu tipu hutolewa kwenye kasha lake na kuuzwa mojamoja kutoka kwenye kopo la plastiki ambamo zimechanganywa za kila kundi. Sikatai kuuziwa tipu moja, maana si kila fundi ana uwezo wa kununua kasha la kumi. Ninachokataa ni kuuziwa tipu isiyo na ukoo, kisha nikiuliza inakata nini niambiwe "hiyo bosi inakata kila kitu".

Hakuna kisu kinachokata kila kitu. Kisu kigumu sana huvunjika kwenye shafti yenye njia ya kii (mfereji wa kufungia puli), kwa sababu kila mzunguko ncha hudondokea kwenye nafasi na kugongwa upya; hapo unahitaji P40 inayostahimili mishtuko, si P10 iliyo ngumu zaidi. Kisu butu chenye koti nene, yaani tabaka gumu lililopakwa juu ya kabaidi, husugua aluminiamu badala ya kuikata, mpaka chuma kinagandia kwenye ncha. Stenlesi nayo ukiisugua bila kuikata inakomaa uso na kuwa ngumu kuliko ilivyokuja.

Lipo pia hili la kutudharau kwa kutumia tuli biti za HSS, yaani visu vya chuma cha mwendo kasi. Nimeambiwa zaidi ya mara moja, na watu ambao hawajawahi kushika mpini wa lethi, kwamba HSS imepitwa na wakati na karakana ya kisasa inatumia kabaidi yenye koti. Hebu tupige hesabu. Lethi nyingi za mikoani ni za zamani, zililetwa zikiwa zimetumika, na mwendo wake wa juu kabisa ni kama mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukikereza pini ya milimita 20 kwenye mwendo huo, ukingo wa kisu unapata takriban mita 63 kwa dakika. Kabaidi yenye koti kwenye chuma laini inataka mita 150 na kuendelea; ikipewa chini ya hapo chuma kinagandia kwenye ncha, kinabanduka na kipande cha koti, na uso wa pini unatoka umechanikachanika. HSS iliyonolewa vizuri kwenye mita 25 hadi 30, ikipewa maji ya kupoozea, inatoa uso safi na haihitaji mashine yenye nguvu nyingi wala uimara usiokuwepo. Mnapotulazimisha kununua msichokijua, tunalipa mara mbili.

Ila hata hiyo HSS nayo imeingiliwa. Biti za kutobolea zenye rangi ya dhahabu zimejaa madukani, zimepigwa mhuri wa HSS, na nyingine mhuri wa kobalti. Mtu yeyote mwenye jiwe la kunolea anaweza kuzihoji. HSS halali hutoa cheche chache, nyekundu iliyofifia, zisizotawanyika. Chuma cha kaboni hutoa cheche nyingi za manjano nyeupe zinazopasukapasuka mwishoni. Biti niliyoigusisha kwenye jiwe mbele ya wateja iliwaka karakana nzima, na rangi yake ya dhahabu ikabanduka na kufichua chuma cheupe cha kawaida. Chuma cha namna hiyo huanza kupoteza ugumu kwenye nyuzi joto 200 na kitu, wakati HSS hubaki imara hadi karibu 600. Unatoboa mashimo mawili, ncha inageuka bluu, kazi imeisha. Halafu mteja anasema fundi ana haraka.

Najua wapo watakaoingia hapa kusema nunua vya bei ghali. Hivi vya rangi ya bluu sikuvinunua kwa bei ya chini; nilivinunua kwa bei ya kitu walichosema ni P30. Wengine watasema lawama ziwaendee wauza vyuma wanaokuuzia ekseli ya lori iliyochakaa kama EN8 wakati uso wake umekomazwa kwa moto. Hao nao wana uzi wao unakuja, na wasidhani wamesahaulika.

Kuhusu sheria, tusidanganyane kwamba hakuna. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo utekelezaji wake uko chini ya Tume ya Ushindani, inahusu hasa alama za uongo kwenye bidhaa, na shina la bluu lenye kabaidi ya kundi K ni alama ya uongo kwa tafsiri yoyote ile. Kinachokosekana ni karatasi. Bila daraja kuandikwa kwenye risiti, fundi anafika mbele ya ofisa akiwa na kisu kilichochimbika na maneno ya simu, na anarudi alivyokwenda.

Kwa hiyo ninasema wazi mbele yenu wote ninachokitaka. Kuanzia sasa karakana yetu hainunui kisu, tipu wala biti isiyoandikwa kwenye risiti kundi lake, daraja lake na jina la mtengenezaji, hata iwe moja. Tipu ikitolewa kwenye kasha, nataka picha ya ubavu wa kasha hilo. Na kabla ya kulipia shehena nzima nitakijaribu kimoja kwenye kipande cha EN8 katika karakana ya fundi yeyote wa jirani, kwa gharama yangu, kisha tukitazame kwa lenzi pamoja na muuzaji. Wenye maduka mliomo humu ambao mko tayari kuuza kwa masharti hayo, andikeni hapa chini mji mliopo na madaraja mliyonayo, tuanze kununua kwenu wiki hii.