Kufunga supachaja kwenye MerCruiser 5.7 ndani ya Ziwa Victoria: nianzie wapi?

Nahodha wa Kigo

Ndugu mafundi na manahodha, nawasalimu. Nina boti ya mwendo kasi iliyofungwa MerCruiser 350 MAG, V8 ya lita 5.7 yenye injekta, ambayo kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 300. Naitumia kati ya Kigo na visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, na nikipakia watu sita inachelewa sana kuinuka juu ya maji. Nimepewa bei ya supachaja (mashine ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya sentrifugo, yenye msukumo wa psi 6 (pauni kwa kila inchi mraba), inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye puli ya krenki, na muuzaji ananihakikishia kwamba ni kazi ya siku mbili tu. Naomba kujua ni nini kingine nitakachohitaji kubadilisha.

Fundi wa Ggaba

Ndugu Nahodha, kuifunga ndiyo sehemu rahisi. Ziwa letu liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 10, kwa hiyo injini yako ya farasi 300 huenda inatoa kama 270. Psi 2 za mwanzo zitarudisha tu kile ulichonyang'anywa na mwinuko. Tena puli iliyopimwa psi 6 pwani itakuonyesha psi 5 na kitu hapa, nawe usishawishike kufunga puli ndogo zaidi, ambayo huizungusha supachaja kwa kasi zaidi, kabla ya kujua kikomo cha mzunguko wa supachaja yenyewe.

Kabla ya yote pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, acha. Kisha zinahitajika injekta kubwa zaidi, pampu ya mafuta yenye uwezo, programu mpya ya kompyuta ya injini inayorudisha nyuma muda wa cheche, na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja) inayopozwa kwa maji ya ziwa. Injini ya boti haipumziki kama ya gari. Hubeba mzigo mzito kwa saa nzima, na petroli ya oktani ndogo ikianza kugonga ndani ya silinda, kelele za mashine hazitakuruhusu kuisikia mpaka pistoni imetoboka. Petroli ya kwenye madumu inayouzwa visiwani nisingeiamini hata kidogo. Kumbuka pia magugu maji: yakiziba njia ya maji, intakula na injini vinakosa upoaji kwa pamoja.

Alteneta na stata ziwe za boti, ambazo zimefunikwa ili zisitoe cheche nje. Za gari zinaweza kuwasha mvuke wa petroli uliotuama chini ya injini.

Mhandisi wa Jinja

Mzee Fundi amesema kweli, ila naona swali lenyewe limerukwa. Supachaja ya sentrifugo huongeza msukumo kadiri mizunguko inavyopanda. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika haina la maana, na huko ndiko boti yako inakohangaika. Kwa tatizo hilo wangekuuzia aina ya Roots au ya skurubu pacha, ambazo husukuma hewa tangu mwanzo. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ukifungua mafuta yote ukiwa na mzigo, injini inafika mizunguko mingapi? Na mguu wa nyuma, ule wenye gia unaozungusha propela, ni Alpha au ni Bravo iliyo imara zaidi?

Nahodha wa Kigo

Nashukuru, ndugu zangu. Inafika 4,400, ilhali kitabu kinataka 4,800 hadi 5,200. Mguu ni Alpha One, na propela ni ya pichi 21, yaani kwa hesabu husogea inchi 21 kila mzunguko.

Mhandisi wa Jinja

Basi propela hiyo ni nzito kwa hewa ya huku. Kila inchi ya pichi unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200, hivyo pichi 18 au 19 itakufikisha unapotakiwa, na boti itainuka mapema ingawa utapoteza mwendo kidogo ukiwa mtupu. Alpha One mwisho wake ni takribani farasi hao hao 300. Ukiongeza supachaja utasaga gia zake, na hapo utalazimika kununua Bravo.

Fundi wa Ggaba

Kwa mguu wa Alpha naondoa ushauri wangu wa kufunga. Azima propela ya 19 kwanza, uijaribu ukiwa na watu wale wale sita na tangi limejaa, kisha utuandikie mizunguko uliyopata.