Memori kadi ya U1 au ya V30: kuna tofauti kwa picha za kawaida?

Mtoto wa Temeke
Wakuu habari za jioni. Jumamosi nashuka Kariakoo kuchukua memori kadi. Kuna jamaa wa duka pale Aggrey kaniwekea mbili mezani. Ya kwanza 64GB, ina alama ya C10 na U1, anataka elfu ishirini na tano. Ya pili 64GB hiyo hiyo, ina U3 na V30, mbele imeandikwa 170MB/s kwa dhahabu, hiyo ni elfu hamsini na tano. Nikamuuliza tofauti ni nini, akasema "hii ya pili ni ya mapro". Basi, jibu likaishia hapo. Mimi napiga picha za kawaida tu. Hiyo elfu thelathini ya juu inaleta kitu au nanunua maandishi?

Lenzi Kavu
Kamera gani?

Bi Picha
Mkuu, kadi umeieleza mpaka rangi ya maandishi, kamera hujaitaja. Ni simu au kamera? RAW (picha ghafi, faili kubwa) au JPEG (iliyobanwa, faili dogo)? Video unachukua? Halafu "picha za kawaida" kila mtu na zake. Kwangu mimi kawaida ni sendofu kila wikiendi, watu mia tatu ukumbini na MC anayekimbiza ratiba.

Ngosha wa Mbezi
Swali la kwanza si U1 wala V30. Ni je, hiyo kadi ni orijino? Narudi na stori, niko kwenye daladala.

Mzee wa Filamu
Vijana mnahangaika na kasi. Nunua 16GB nne za kawaida, achana na hiyo 64. Sisi tulikuwa na filamu ya picha 36 na harusi ilikwisha vizuri. Kadi moja ikifa, umepoteza robo ya kazi, si kazi yote.

Bi Picha
Shikamoo mzee. Hizo nne zako moja itaingia mfukoni mwa suruali, suruali itaingia kwenye beseni la kufulia. Kwetu imeshatokea.

Mzee wa Filamu
Marahaba. Nunua kikasha cha kadi.

Mtoto wa Temeke
Samahani wadau, nilisahau. Ni Canon 200D, nimeipata mkononi kwa mtu, lenzi ile ile iliyokuja nayo. RAW sijui, sijabadilisha kitu, nadhani ni JPEG. Napiga watoto wangu, ubatizo, bonanza za kazini pale Leaders, na video fupi mtoto akicheza ngoma shuleni. Wakati mwingine jirani ananiita kwenye kipaimara, ananipa ya soda.

Fundi Chipu
Sasa tunaweza kuongea.

Alama kwanza. C10, U1, V30 na wenzao zinataja kasi ya chini ya kuandika ambayo kadi haitakiwi kushuka inaporekodi mfululizo. C10, U1 na V10 ni kitu kimoja: megabaiti 10 kwa sekunde. U3 na V30 zote ni 30. Zipo V60 na V90, hizo waachie watu wa sinema. Ile 170 ya dhahabu ni kasi ya kusoma, siyo ya kuandika, na hata hiyo unaipata ukiwa na kadi rida (kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta) inayoelewana na kadi hizo. Mfumo wa UHS-I, yaani njia ambayo kadi hizi zinapitishia data, kwa viwango rasmi unaishia 104. Kamera yako haitaiona hiyo 170 hata siku moja.

Sasa 200D. RAW moja ya megapikseli 24 inacheza kwenye MB 25 mpaka 30, JPEG kubwa iko chini ya 10 mara nyingi. Ukibonyeza moja moja, picha inatua kwanza kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya ndani ya kamera, kisha inashuka kwenye kadi wakati wewe unamwambia mtoto asikunje uso. Hapo U1 na V30 hutaona tofauti kabisa. Ukishikilia kitufe, inapiga tano kwa sekunde. Kwa JPEG inaendelea tu, kwa RAW Canon wenyewe wanataja kama sita hivi, baada ya hapo inaanza kukokota. Piga hesabu mwenyewe: tano mara thelathini ni MB 150 kila sekunde. Hakuna kadi ya UHS-I inayomeza mzigo huo ndani ya kamera yako, iwe ya elfu ishirini au ya laki. Kadi ya kasi inakupunguzia muda wa kusubiri bafa iwe tupu, na hata hapo kamera ina mwisho wake.

Video: kamera hiyo inaishia Full HD, haina 4K. Ikiwa kwenye fremu 60 ni megabiti kama 60 kwa sekunde. Ni megabiti, siyo megabaiti, gawa kwa nane: 7.5. U1 inatosha na chenji inabaki.

Chukua ya elfu ishirini na tano.

Dada Kigamboni
Fundi umeongelea kamera tu, umesahau nyumbani. Mimi napiga mpira wa vijana huku kwetu. Nikirudi na kadi imejaa, ndipo kasi ninapoiona. 64GB kwa kadi inayosoma MB 20 kwa sekunde ni karibu saa nzima kuhamisha kwenye laptopu. Inayosoma 90 ni dakika kumi na kitu. Umeme wenyewe unaujua. Hiyo elfu thelathini nailipa nikiwa nacheka.

Fundi Chipu
Sawa dada, lakini hiyo ni kama laptopu yake ina tundu la USB 3 na kadi rida nayo ni ya 3. Akichomeka kwenye USB 2, mwendo ni MB 30 na kitu, umemaliza. Na U1 siku hizi nyingi zinasoma 80 mpaka 100. Usichanganye kusoma na kuandika.

Dada Kigamboni
Sijachanganya. Nimesema kusoma.

Ngosha wa Mbezi
Nimefika. Sikilizeni sasa.

Nilikuwa na kazi ya sendofu Tabata, familia ya Kichaga, kazi ya heshima. Wiki hiyo nikanunua 128GB, ina kila alama mnayoitaja hapa: U3, V30, pakiti imefungwa vizuri na hologramu yake. Nikaweka kwenye kamera, ikasoma nafasi ya picha elfu kadhaa. Nikajaribu picha kumi nyumbani, safi kabisa, hata kasi ilikuwa nzuri.

Siku yenyewe kamera haikulalamika hata kidogo. Binti kaingia, wazazi wamepokea, keki imekatwa, ndafu kaletwa na majani yake mdomoni, watu wakacheza mpaka MC akakauka sauti. Kwenye kioo cha kamera kila picha inaonekana ndogo ndogo pale, nimeridhika.

Usiku nafungua kwenye kompyuta. Majina ya mafaili yote yapo. Mwanzo wa sherehe picha ziko sawa. Halafu ghafla ikaja picha moja ya ndafu: kichwa kipo, majani yapo, kuanzia shingoni kwenda chini ni kijivu kitupu. Baada ya hiyo, hakuna inayofunguka. Nikaendesha PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizopotea, usiku kucha. Inachorudisha ni picha zile zile za mwanzo, kwa sababu zile nyingine hazikuwahi kuandikwa popote. Ndipo mtu akanipa H2testw, programu ya kupima kadi, ikaandika ikasoma, jibu: uhalisia wa kadi ni kama 8GB. Ndani wameweka chipu ndogo na kuidanganya iseme 128. Ikijaa inakubali kupokea bila kuhifadhi.

Nikarudi kwa muuzaji. Kaniangalia, kanionyesha karatasi ukutani: mali ikitoka dukani hairudishwi. Mama wa binti alinipigia simu mpaka nikawa naogopa mlio wa simu. Tukaishia kuomba picha za wageni kwenye simu zao, na hela ya kazi nikarudisha.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Temeke, hiyo V30 mtu yeyote anaweza kuichapisha kwenye stika. Kimeo hakina V.

Bi Picha
Pole sana kaka. Ndafu na majani mdomoni, mwili kijivu. Mungu wangu.

Lenzi Kavu
Duka gani hilo?

Ngosha wa Mbezi
Sitaji. Lilishahama.

Mzee wa Filamu
Angekuwa na nne za 16 angejua mapema.

Ngosha wa Mbezi
Mzee, nne feki ni feki mara nne.

Mtoto wa Temeke
Sasa mmenitisha. Dukani nitaijuaje? Siwezi kukaa naye mpaka ijaze 64GB.

Fundi Chipu
Dukani hutaijua, labda iwe feki ya kijinga. Kubaliana naye kabla hujatoa hela: unaipima leo leo, ikifeli unarudisha, na aandike hivyo kwenye risiti. Akianza kuzunguka, ondoka. Nyumbani H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Zinajaza kadi yote halafu zinasoma kila kitu tena. Kwa kadi ya pole pole ni zaidi ya saa, weka ukale. Faida ya pili: mwishoni inakupa kasi halisi ya kuandika, unailinganisha na alama. V30 ikikuletea 12 kwenye USB nzuri, hiyo V ni ya mapambo.

Dada Kigamboni
Na ukishapima, fomati ndani ya kamera, siyo kwenye kompyuta.

Lenzi Kavu
Na asifute picha moja moja kwenye kamera, anaharibu kadi.

Fundi Chipu
Hapo nakataa. Kufuta moja moja hakuui kadi. Unachohatarisha ni kufuta siyo yenyewe huku unakimbizana na ratiba.

Lenzi Kavu
Mimi nimefundishwa hivyo na watu wa studio.

Bi Picha
Tuache hilo. Mtoto wa Temeke, anza kupiga RAW. Hayo mataa ya zambarau na kijani ukumbini, JPEG huwezi kuyatoa kwenye ngozi ya mtu. Ukianza RAW, 64GB ni picha elfu mbili na kidogo, na bafa utaionea huruma. Hapo V30 inaanza kuwa na maana.

Mzee wa Filamu
Apige RAW ya ubatizo wa jirani anayelipa soda? Aweke mizani ya weupe, ile ya kusawazisha rangi ya taa, vizuri, JPEG inamtosha.

Bi Picha
Mzee, kuna MC aliniletea taa za kijani, bibi harusi akatoka kama mchicha. Mizani gani itarekebisha hiyo?

Dada Kigamboni
Halafu mteja anakuja anasema "nipe zote, hata zile RAW". Unampa kwa fleshi, anakuuliza mbona hazifunguki kwenye simu.

Bi Picha
Mimi siku hizi RAW naziuza kwa bei yake. Akitaka alipe.

Lenzi Kavu
Bei gani? Nami nianze.

Mtoto wa Temeke
Wakuu nimetoka Kariakoo. Jamaa wa Aggrey nilipomwambia habari ya kupima na kurudisha, akasema hiyo ya V30 amekumbuka kuna mtu alishailipia. Ya U1 amekubali kuandika kwenye risiti. Duka la pili nimeona 128GB ya U3, haina V popote, elfu sitini. Hiyo vipi?

Fundi Chipu
U3 ni 30, sawa na V30. Kukosa V si tatizo. Swali ni lile lile: anakubali irudi?

Mzee wa Filamu
128! Haya.

Ngosha wa Mbezi
Piga picha ya pakiti mbele na nyuma utume hapa kabla hujalipa.

Lenzi Kavu
Wakati tunasubiri, kuna mwenye kadi ya XQD (aina nyingine ya kadi, siyo SD hizi) anauza? Nimepata Nikon D500, mwenyewe kanipa bila kadi.

Dada Kigamboni
D500 ina nafasi ya SD pia, tena UHS-II, yenye kasi kuliko UHS-I. Anza na hiyo.

Lenzi Kavu
Najua. Nataka XQD.