Kundi la Ukoo Mmoja: gari la Neema linazima kwenye mataa

Neema: Shikamooni wakubwa. Gari limenizimikia tena kwenye mataa, nyuma watu wanapiga honi utadhani nimefanya makusudi 😩 Nikipiga ufunguo linawaka papo hapo, naondoka vizuri tu. Nikifika mataa yanayofuata, kimya.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Lile la otomatiki?

Neema: Ndilo mjomba.

Baraka: Pampu ya mafuta hiyo. Badilisha tu.

Mjomba Hamisi: Wewe Baraka! Pampu ikichoka gari linakosa nguvu mlimani na ukikanyaga resi, maana ndipo injini inapodai mafuta mengi. Hili linakimbia vizuri, linakufa wakati halidai kitu. Mwache dada yako asimulie kwanza.

Neema: Fundi alishasafisha throto (mlango wa hewa ya injini) na kubadilisha plagi. Hakuna kilichobadilika isipokuwa pochi yangu.

Baraka: Basi vali ya sailensa, ule muungurumo wa chini injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Si ndiyo inayopitisha hewa ukiachia mafuta?

Mjomba Hamisi: Hapo umesema. Ukiachia resi kipepeo cha throto kinajifunga, injini inaishi kwa hewa kidogo inayopitishwa na vali hiyo. Magari ya siku hizi mengi hayana vali, mota inakiacha kipepeo wazi kidogo. Masizi yakijaa hapo, sailensa inashuka mpaka injini inakata roho. Ila ingezima na nyumbani pia. Neema, ukiliacha linaunguruma uani linazima?

Neema: Wala. Juzi nimesafisha viti vyote linaunguruma, AC imewashwa, limetulia tuli.

Mama Zawadi: Labda joto la foleni jamani

Neema: Hapana mama, hata asubuhi likiwa la baridi, mataa ya kwanza tu.

Baraka: Mataani liko D, gia ya kwenda, uani liko P, ya kuegesha. Ile klachi ya ndani ya toko konveta (inayounganisha injini na gia) ikinata, gari linasimama huku gia imekamata. Sawa na manuali ukisimama bila kukanyaga klachi.

Mjomba Hamisi: Naam, hiyo ipo na nimeikuta kwa watu. Ila hiyo huzima kwa kushtuka, gari linatikisika kabla hata halijasimama. Lako Neema?

Neema: Likishasimama. Linahema, linahema, halafu basi.

Mjomba Hamisi: Na mguu wako uko wapi wakati huo?

Neema: Kwenye breki mjomba, ningeuweka wapi 😂

Mjomba Hamisi: Na uani?

Neema: Uani hata ndani sikuwemo…

Mjomba Hamisi: Haya. Liweke P, vuta breki ya mkono, washa, zima redio na feni. Tazama mshale wa resi, ule wa mizunguko ya injini kwa dakika. Kisha kanyaga breki uishikilie, na utege sikio miguuni.

Mama Zawadi: Mkimaliza mtuambie nani anakuja Jumamosi, mimi siwezi kuuliza kila siku

Neema: Mjomba!!! Bila breki mshale uko kama 700. Nikikanyaga unashuka chini ya 500, gari linatetemeka. Na kuna sauti ya ssssss karibu na pedali. Nikiachia inakata.

Baraka: 😳

Mjomba Hamisi: Haidrovaki, kisaidizi cha breki. Lile dude jeusi la mviringo nyuma ya masta silinda ya breki. Ndani lina vyumba viwili na ngozi ya mpira katikati. Usipokanyaga, vyumba vyote vinavutwa hewa na injini, kwa hiyo hata ngozi ikichanika hakuna kinachoonekana. Ukikanyaga, chumba cha nyuma kinafunguliwa hewa ya nje ili isukume breki. Ngozi ikiwa na tundu, hewa hiyo inapenya mpaka kwenye injini bila kupita kwenye sensa ya kupima hewa. Mafuta hayatoshi, hewa imezidi, injini inazima.

Baraka: Ndiyo maana mashine yangu ya kupimia magari ilisoma kodi ya hitilafu P0171! Mchanganyiko una mafuta haba. Mimi nikadhani pampu.

Mjomba Hamisi: Kodi inakuambia hali, haikuambii mtuhumiwa. Ichomeke tena, usome asilimia ya mafuta yanayoongezwa, mguu ukiwa nje na ukiwa kwenye breki.

Baraka: Nipo kwake sasa. Bila breki inacheza kwenye 3. Akikanyaga inapanda mpaka 24.

Mjomba Hamisi: Bado la mwisho. Zungushia kitambaa ule mpira mnene unaotoka injini kwenda haidrovaki, ubane kwa praizi. Akanyage mara kadhaa.

Baraka: Pedali imekuwa ngumu kama jiwe, lakini mshale hauendi popote.

Mjomba Hamisi: Basi kesi imekwisha, ni haidrovaki yenyewe. Kama ungekuwa mpira umepasuka kwa upande wa injini, lingehema muda wote, hata asipokanyaga. Toa praizi SASA HIVI, asije mtu akaondoka nalo hivyo.

Neema: Naweza kuliendesha mpaka kwa fundi?

Mjomba Hamisi: Hapana. Likizima unapotembea usukani unakuwa mzito, na breki inabakiwa na msaada wa mkanyago mmoja au miwili tu. Fundi aje, au livutwe. Na mwambie hulipii throto tena, ashike haidrovaki.

Shangazi Rehema: Mimi nakuja Jumamosi. Nimesoma yote haya kutafuta swali la Jumamosi 🙄

*Alhamisi*

Neema: Imefungwa mpya. Fundi anasema ya zamani ukiipuliza inapitisha kama chujio.

Mjomba Hamisi: Kabla hujamlipa: injini ikiwa imezimwa, pampu breki mpaka pedali iwe ngumu. Ishikilie, kisha washa. Inafanyaje?

Neema: Imezama kidogo chini ya mguu.

Mjomba Hamisi: Ndivyo inavyotakiwa. Na mshale?

Neema: 700, nikanyage nisikanyage.

Baraka: Niifute kodi?

Mjomba Hamisi: Ifute. Ikirudi, tutaanza na mipira mingine.

Mama Zawadi: Neema, Jumamosi?

Neema: Nakuja mama, na namchukua shangazi njiani.